Mti wa uani Tabora: mwarobaini, mjohoro, mwembe au mkwaju?

Mtu wa Tabora akiulizia mti unaostahimili ukame hutajiwa majina yaleyale anayotajiwa mtu wa Dodoma, wakati mvua ya Dodoma kwa mwaka haifiki milimita 600 na ya kwetu huzunguka 900. Kwa hesabu ya mwaka mzima hatuna sababu ya kulalamika. Shida ni kwamba mvua yote inamwagika kati ya Novemba na Aprili, halafu mbingu zinafungwa kama miezi sita. Ikifika Septemba mchanga wa uani unachoma nyayo. Mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana linapita utosini kabisa, kwa kuwa mji uko nyuzi tano kusini mwa ikweta na jua ndiyo linashuka kuelekea kusini. Mabati yanawaka, ukuta wa magharibi unawaka, na watu wanahamia nje.

Kwa hiyo mti wa uani mimi naupima kwa swali moja kabla ya mengine yote: Oktoba una majani? Miti hukabili kiangazi kwa njia mbili. Ipo inayopukutisha kila kitu na kulala mpaka mvua irudi, kama mninga, mbuyu na mkrismasi. Ipo inayozamisha mzizi mrefu na kubaki na majani, au kuyabadilisha upesi bila kukaa uchi muda mrefu. Yote haifi, na muuza miche akikuambia inastahimili ukame hajakudanganya. Lakini mkeka hautandikwi chini ya mti uliolala.

Nimechukua minne isiyo adimu vitaluni na inayopita mtihani huo wa Oktoba, nikailinganisha miwili miwili, maana ndivyo watu wanavyosita: mwarobaini au mjohoro kwa anayetaka kivuli haraka, mwembe au mkwaju kwa anayepanda mti wa kumzidi umri.

Mwarobaini na mjohoro

Yote miwili ni wageni. Mwarobaini asili yake ni Bara Hindi na Myanmar, mjohoro ni wa Asia ya Kusini Mashariki. Yote inakua haraka, na ukiitunza vizuri miaka miwili ya kwanza, mwaka wa tatu au wa nne mtu mzima anaweka kigoda chini yake. Yote inabaki na majani wakati wa kiangazi. Mwarobaini unaweza kupunguza ukibanwa sana, lakini huchipua tena mapema, mara nyingi kabla mvua hazijaanza.

Tofauti ya kwanza ni umbo. Mwarobaini unatanua taji la mviringo, majani madogo lakini mengi, na kivuli chake kinakaa pamoja. Mjohoro ukiachwa unakwenda juu zaidi kuliko kutanua. Ili ukupe kivuli kinachotumika lazima uukate kichwa ungali mdogo, uulazimishe kutoa matawi ya pembeni. Watu wengi hawafanyi hivyo, na baada ya miaka sita wana mti mrefu unaomkinga jirani.

Ya pili ni maji kidogo. Mwarobaini unaishi hata panapopata milimita 400 kwa mwaka, kwa hiyo kwa mvua ya Tabora hauna wasiwasi. Mjohoro nao unavumilia, lakini una mtandao mnene wa mizizi midogo karibu na uso wa ardhi, juu ya ile mirefu inayozama. Mchicha au matembele yakiwa jirani nao yatanyang'anywa maji kila siku. Usidanganywe na maganda yake ya kunde: mjohoro ni wa jamii ya mikunde lakini haurutubishi udongo kwa naitrojeni kama ndugu zake wengi. Anayekuambia panda mjohoro bustanini utapata mbolea, msikilize kwa heshima, kisha upande pengine.

Ya tatu ni kuni. Hapa mjohoro unashinda bila ubishi. Ukikatwa unachipua kwa nguvu, tena na tena, na fito zake zinafaa jikoni ingawa zina moshi. Kwa nyumba inayopika kwa kuni, mijohoro mitano au sita kwenye mpaka wa nyuma ya kiwanja ni akiba ya kweli. Mwarobaini nao huchipua ukikatwa, na mbao zake mchwa hawazipendi, jambo ambalo Tabora si dogo. Lakini mti ninaoutaka kwa kivuli sitaki niuone kama stoo ya kuni.

Ya nne ni mifugo. Majani na maganda ya mjohoro ni sumu kwa nguruwe. Ukiwa na banda la nguruwe, au jirani anaye na wakati mwingine wanatoroka, jambo limekwisha hapo, chukua mwarobaini.

Mwarobaini nao una usumbufu wake. Matunda yake ya manjano yanaanguka na kunata, ndege na popo wanakuja kuyafuata usiku, na kila mbegu wanayoitupa inaota: kwenye kona ya ukuta, kwenye msingi, ndani ya gata. Ing'oe ingali ya kiganja kimoja. Mizizi inafuata maji, kwa hiyo usiusogeze karibu na shimo la maji taka wala bomba. Mita sita ndiyo ya chini kabisa, nane ni afadhali. Na haupendi kabisa kusimama kwenye maji. Kiwanja kinachotuama mwezi mzima wa Februari hakiufai.

Kuna sababu nyingine inayotajwa sana, dawa. Majani kuwekwa ghalani au kuchemshwa na kunyunyizwa mbogani, sawa. Ila mafuta ya mbegu zake yamewahi kudhuru watoto wachanga walionyweshwa, na hilo wauzaji hawalisemi.

Kwa kiwanja cha mjini, cha mita 20 kwa 25 au pungufu, mimi naupa mwarobaini. Mjohoro naupeleka pembezoni, Kakola, Ndevelwa na huko, ambako kiwanja kina nafasi ya nyuma na mwenyewe anajua atakuwa anaukata. Tena mjini mwarobaini mmoja unatosha. Nimeona nyua zenye minne, na chini yake hakuna hata jani la figiri.

Mwembe na mkwaju

Ubishi wenyewe uko hapa, na ni mgumu zaidi kwa sababu yote miwili ni miti mizuri.

Tuanze na mwembe, kwa kuwa mji huu umelelewa chini yake. Njia ya misafara ya karne ya 19 kutoka Bagamoyo kupitia hapa hadi Ujiji iliacha miembe mikubwa ambayo mingine bado ipo, na watu waliozaliwa chini yake wameshazeeka. Hiyo ni hoja tosha kwamba mwembe unaweza Tabora. Wala siyo kwamba unavumilia kiangazi tu, unakihitaji. Ukavu na ubaridi wa Juni na Julai ndio unaousukuma kutoa maua, na maua yakifunguka wakati hakuna mvua yanaepuka ugonjwa wa madoa meusi unaoyaangusha sehemu zenye unyevu. Kwa mzizi wake wa kuzama unaendelea kubeba majani mazito mwaka mzima. Oktoba, wakati miti ya porini ndiyo kwanza inaamka, kivuli cha mwembe ni cheusi tii.

Hakuna mti kati ya hii minne unaoushinda mwembe kwa kivuli. Kama hilo ndilo pekee unalotafuta, na una nafasi, acha kusoma upande mwembe.

Ila nafasi ndilo neno zito. Mwembe wa mbegu, tuseme dodo la kienyeji, unafika mita 15 na zaidi kwenda juu, na taji lake linakaribia upana huohuo. Uweke mita 10 kutoka kwenye nyumba. Kwenye kiwanja kidogo hiyo maana yake ni kwamba taji litavuka ukuta, na maembe yatakayoangukia kwa jirani ni ya jirani, hata ufanyeje. Yatakayoangukia kwenye mabati yako utayasikia saa nane usiku, Novemba hadi Januari. Na mti wenye matunda ndio hupopolewa mawe. Hata vioo vya madirisha vinaijua methali hiyo.

Mche wa kubebeshwa, yaani ulioungwa kwenye shina la mwembe mwingine, unapunguza mengi ya haya. Miembe ya kubebeshwa kama Kent, Keitt, Tommy Atkins au Apple huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne, wakati wa mbegu unaweza kukuweka miaka sita na kuendelea, na ukiukatia matawi kila baada ya mavuno unakaa mfupi wa kuchuma kwa mkono. Kwa kiwanja cha mjini mita sita kutoka ukutani zinautosha. Bei yake kitaluni ni ya juu kuliko mche wa kawaida, na unataka uangalizi zaidi kiangazi cha kwanza. Mimi ningelipa tu.

Halafu kuna nzi wa matunda. Yule mvamizi kutoka Asia aligunduliwa Afrika Mashariki mwaka 2003, na tangu hapo embe zuri kwa nje linaweza kuwa na funza ndani. Aina zinazochelewa kuiva hushambuliwa zaidi, maana nzi wanakuwa wameshazaliana. Dawa ya nyumbani ni usafi: okota kila embe lililoanguka, kila siku, funga kwenye mfuko mweusi na uanike juani siku kadhaa kabla ya kulifukia shimo refu. Ukiyaacha yaoze chini ya mti unafuga nzi wa mwaka ujao. Asiye na mtu wa kuokota ajue hilo kabla ya kupanda.

Mkwaju hauna kelele hizo. Ni mti wa Afrika, wa nchi kavu hasa, na porini kwetu mara nyingi utaukuta umeota juu ya kichuguu. Ukiwa na kichuguu kwenye kiwanja chako na unafikiria kukibomoa, fikiria kwanza kuupanda mkwaju kando yake. Mbao zake ni ngumu na matawi hayavunjiki ovyo. Hiyo Tabora ni sifa kubwa, kwa sababu mvua za kwanza za Novemba huja na dhoruba, na dhoruba ndiyo inayoonyesha nani alipanda mti dhaifu karibu na paa.

Kivuli cha mkwaju ni cha aina nyingine. Majani yake ni madogo sana, jua linachujwa badala ya kuzuiwa. Mchana wa Oktoba utahisi joto zaidi chini ya mkwaju kuliko chini ya mwembe, lakini hewa inapita, na nyumba iliyo pembeni haigeuki pango. Kiangazi kikiwa kikali unapunguza majani, ila ni nadra ubaki mtupu. Na matunda yake yanaiva wakati wa kiangazi, yanaganda mtini wiki nyingi bila kuoza, hayafuatwi na nzi yule, hayapasui kioo cha mtu. Unachuma ukipata muda, unamenya, unaweka kwenye kopo, na juisi ya ukwaju ipo hata mwezi ambao machungwa hayashikiki bei.

Mbona basi watu hawaupandi? Kwa sababu ya mwendo wake. Mche wa mkwaju unaongezeka kama sentimeta 60 kwa mwaka, na wa mbegu unaweza kuchukua miaka saba hadi kumi kabla ya kuzaa. Mwarobaini uliopandwa siku hiyohiyo utakuwa umeshapita paa. Ya pili husemwa kwa sauti ya chini: wazee wengi, hasa wa Ng'ambo na Gongoni, hawataki mkwaju karibu na mlango kwa ajili ya majini. Mimi siingii kwenye hilo. Ninachojua ni kwamba ukioa au kuolewa kwenye nyumba yenye wazee, muulize bibi kabla ya kuchimba shimo, vinginevyo mche utakauka bila kiangazi.

Uamuzi wangu: kama kiwanja kina upana wa kutosha na watu wa kuokota maembe, mwembe, na uwe wa kubebeshwa. Kama nyumba ni ya kupangisha, au mwenyewe yuko Dar na anakuja Desemba tu, mkwaju. Hautamdai kitu. Na kama unajenga leo ukitegemea kuishi hapo miaka 30, panda mwarobaini kwa ajili ya sasa na mkwaju kwa ajili ya baadaye, mbali mita kumi, kisha uukate mwarobaini mkwaju ukishika nafasi. Hii ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote, na wachache sana wanaifuata kwa sababu mkono hauendi kukata mti mzuri.

Upande upi wa nyumba

Chaguo la mti na chaguo la mahali ni kitu kimoja. Kwa kuwa jua la mchana la Oktoba liko juu ya kichwa, kivuli cha mchana kinaanguka chini ya mti wenyewe, hakifiki ukutani. Kinachounguza vyumba ni jua la saa tisa hadi saa kumi na mbili jioni. Mti wa kupoza nyumba unakwenda upande wa magharibi, na mti wa kukalia unakwenda pale mnapokaa. Mara nyingi hiyo ni miti miwili tofauti: mwarobaini magharibi, na mwembe mfupi au mkwaju karibu na jiko la nje.

Ukiweza mti mmoja tu, weka kaskazini-magharibi au kusini-magharibi ya nyumba, si katikati ya uwanja. Katikati unapendeza kwenye mchoro wa fundi, lakini unazuia gari na tenki la maji, na jioni kivuli chake kinakwenda kwa jirani wa mashariki.

Inayopendwa kwa sura

Mkrismasi, wenye maua mekundu, unatoka Madagaska. Ukichanua kuanzia Oktoba na Novemba hakuna mti unaoufikia, lakini kabla ya hapo unakuwa umekaa mtupu wiki nyingi, na mizizi yake inatambaa juu juu na kuinua matofali uliyotandika uani. Matawi ni mepesi kuvunjika. Uweke barabarani, si karibu na paa.

Miashoki iliyonyooka kama mishumaa haina kivuli cha kukalia. Ni uzio wa kuficha nyumba. Inataka maji mara kwa mara mpaka ishike, na kwa bili ya maji miezi sita, safu ya miashoki 20 ni anasa. Mti wa mwavuli, ule wa matawi ya ghorofa ghorofa, una kivuli kizuri na mizizi isiyo korofi sana, na ndio ninaoukubali kati ya hii ya mapambo kwa mtu asiyetaka matunda wala popo.

Mkaratusi usiupande uani. Unakunywa maji mengi, mche wake mchwa wanaupenda kweli kweli, matawi yanaanguka bila taarifa, na chini yake hakioti kitu. Vivyo hivyo akasia za Australia zilizojaribiwa na watafiti wa kituo cha kilimo cha Tumbi kwa ajili ya kuni za mashambani: kazi yake ni kule shambani, ambako tumbaku inakaushwa.

Mlonge si mti wa kivuli, basi. Ni mboga yenye shina. Panda mmoja karibu na jiko, ukate kila unapofika kimo chako, ule majani, na kiangazi ukipukutisha usiulaumu.

Iliyoota yenyewe

Wanaonunua viwanja Itetemia, Misha au Ifucha mara nyingi hukuta miti ya asili, na kazi ya kwanza ya fundi ni kusafisha eneo. Zuia hapo. Mtundu uliosimama miaka 40 unatoa majani mapya mekundu Septemba, kabla ya mvua, bila wewe kuumwagilia hata kikombe, na huwezi kuununua kitaluni. Miti ya miombo mingi hutegemea uyoga maalumu unaoishi kwenye mizizi, ndiyo maana miche yake ni tabu kuilea. Mninga nao una tabia ya pekee: mche unaota, kiangazi unakauka mpaka chini, mvua zinarudi unachipua tena, na hurudia hivyo miaka kadhaa huku mzizi ukinenepa, ndipo siku moja unapaa. Mwenye haraka atadhani umekufa mara tano.

Mbula ni hadithi nzuri zaidi. Unabaki na majani kiangazi chote, matunda yake wenyeji wanayajua, na taji lake ni la kukalia. Ukikuta mbula kwenye kiwanja, usogeze nyumba. Mtalali na mtonga pia ivumilie kama haiko kwenye msingi. Ntalali za bure watoto hawazikatai.

Mtundu mmoja, mbula mmoja, ukiwa navyo, huna haja ya mwarobaini. Hata minne niliyoilinganisha juu ni kwa ajili ya kiwanja kilichokutwa kitupu.

Udongo mweusi wa bondeni

Kila nilichosema kinahusu mchanga wa mwinuko, ambao ndio wa sehemu kubwa ya mji. Chini mbugani, kwenye udongo mweusi unaotuama wakati wa mvua na kupasuka nyufa kiangazi, orodha inabadilika. Mwarobaini unaoza mizizi, mlonge unakufa kabisa, mwembe unajikokota. Huko panda mzambarau. Unavumilia maji kusimama na unavumilia ukavu baadaye, haupukutishi, kivuli chake ni kizito karibu sawa na cha mwembe. Zambarau zinachafua: nguo, gari, ukuta, ulimi. Usiupande juu ya kamba ya nguo.

Lini, na kiangazi cha kwanza

Siku ya Taifa ya Kupanda Miti ni Aprili 1. Kwa mikoa inayopata masika ni tarehe nzuri. Kwa Tabora ni tarehe ya kumzika mche: mvua zimebaki wiki chache, halafu miezi sita kavu inaanza mche ukiwa bado na mizizi ya ndani ya kiriba. Panda mvua zikishatulia, mwishoni mwa Novemba au Desemba, mche upate miezi minne mizima ya kushusha mzizi. Ukipewa miche ya bure Aprili, pokea, itunze kivulini kwenye viriba vikubwa, uipande Desemba. Isipokuwa mkwaju: huo mzizi wake mrefu haupendi kujikunja ndani ya kiriba, na mche mdogo uliopandwa mapema hushinda mkubwa uliokaa sana kitaluni. Mbegu za mwarobaini nazo hazingoji; baada ya wiki chache nyingi hazioti, kwa hiyo asikuuzie mtu mbegu za mwaka jana.

Shimo la sentimeta 60 kwa 60, udongo wa juu ukae peke yake, uchanganywe na samadi iliyooza debe moja, urudishwe chini. Acha kisahani kuzunguka shina ili mvua ikae. Kuanzia Mei mwagilia lita 10 mara mbili kwa wiki badala ya kikombe kila siku. Kikombe cha kila siku kinaufundisha mzizi kukaa juu, na mzizi wa juu ndio unaokufa Septemba. Bomba la Ziwa Victoria limefika mitaa mingi, lakini mita inasoma, na maji ya kusuuzia nguo yanatosha kwa mwarobaini na mjohoro ilimradi hayana jiki. Kiangazi cha pili punguza iwe mara moja kwa wiki. Cha tatu mwarobaini na mkwaju zinajitegemea. Mwembe wa kubebeshwa mpe mwaka mmoja zaidi.

Mchwa huwa wanafuata mche wenye kiu kwanza. Matandazo ya nyasi kavu yaliyogusa shina ni kuwakaribisha, kwa hiyo acha nafasi ya kiganja, au tumia mawe badala ya nyasi. Majivu kuzunguka shina yanasaidia mpaka mvua iyasombe, majani ya mwarobaini yaliyopondwa shimoni nayo yanasaidia kiasi. Mbuzi wanazuiwa kwa matofali yaliyopangwa duara kwa kupishana, kimo cha kifua, yenye matundu ya kupitisha hewa. Miiba ya mgunga ni rahisi zaidi lakini mchwa watakuja kuila, kisha wataona mche.

Kitaluni, usichague mche mrefu kuliko wote. Geuza kiriba utazame chini: mizizi iliyotoboa na kuingia ardhini itakatika ukiung'oa, na mche utanyauka siku ya tatu. Kwenye mwembe wa kubebeshwa tazama maungio. Yawe yamefunga pande zote, na chipukizi lolote linalotoka chini yake likatwe, maana hilo ni la shina mama na likiachwa utakuja kuvuna embe la kienyeji kwa bei ya Kent.